Ngata za Walionichotea Maji

Watu wanaougua mgongo kama nilivyougua mimi hunijia nyumbani Kitangari, wengine wameshikwa mkono na ndugu zao, wakitaka kujua nilianzaje na ilikuwaje nikasimama tena. Nimesimulia hadi mume wangu akasema, "Mama Rehema, si uandike tu, mate yasikukauke." Basi naandika. Mambo ya kitaalamu sina, hayo waulizeni hospitali. Ninachoweza kueleza ni jinsi ilivyo kulala chali mwezi baada ya mwezi, huku watu wengine wakibeba maisha yako vichwani mwao.

Maumivu yalianza msimu wa korosho. Ukiokota korosho kutwa, mgongo lazima uume, kila mwanamke wa huku anajua hilo, kwa hiyo sikujali. Nilijifunga kanga kiunoni kwa nguvu na kuendelea. Msimu ukaisha, magunia yakaenda ghalani, mgongo wangu ukabaki palepale. Nikakandwa kwa maji ya moto, nikachanjwa chale, nikapakwa mafuta yenye pilipili ambayo yalinifanya nilie kwa sababu nyingine kabisa. Jioni nilikuwa napata homa ndogo na jasho, nguo zikaanza kunipwaya. Jirani mmoja akanipongeza kwamba nimekuwa mwembamba kama mwali.

Mvua zilichelewa mwaka ule. Bomba la kijiji lilikuwa limekauka, na sisi wanawake tulikuwa tunashuka bondeni kuchota. Siku moja, katika kupanda na ndoo kichwani, mguu wa kulia ukakataa. Haukuteleza wala haukujikwaa. Niliuambia uende, haukwenda. Nikaanguka na ndoo yangu, maji yakaniingia masikioni, na nilipojaribu kuinuka nikaona hata wa kushoto umekuwa kama wa mtu mwingine. Wenzangu wakacheka kwanza, kama tunavyochekana siku zote mtu akianguka. Kisha wakaniona uso, wakatua ndoo zao.

Nilirudishwa nyumbani nimebebwa kwenye kanga mbili. Mjomba wangu, ambaye kwetu ndiye mwenye sauti juu ya watoto wa dada yake, alifika jioni ile ile. Alisema nimerushiwa kitu, nipelekwe kwa fundi, mganga anayemjua. Mume wangu hakuwahi kubishana na mjomba tangu anioe. Siku ile alikaa chini, akavua kofia, akasema kwa adabu, "Mjomba, mimi nitampeleka Masasi kesho. Akirudi vilevile alivyo, nitamleta kwako na utampeleka unakotaka."

Mjomba alitazama miguu yangu. "Mpeleke," akasema. "Lakini mimi nakwenda nanyi."

Na alikwenda kweli. Kwenye benchi la hospitali ya Mkomaindo, pale Masasi, ndiye aliyeniegemeza begani kwake tangu asubuhi hadi jua likahama upande. Benchi la kusubiri lina ujuzi wake. Unajua nani kaletwa na nani, nani kagombana njiani, mtoto gani analia kwa njaa na yupi analia kwa ugonjwa. Mama mmoja asiyenijua alimega muhogo wake wa kuchemsha akanipa nusu, bila neno. Sijui jina lake mpaka leo.

Nilipigwa picha ya mgongo, nikatolewa damu, nikangoja tena. Daktari kijana akaja, akakaa kando ya kitanda, akamwamkia mjomba shikamoo kabla ya kufungua picha.

"Mama, una kifua kikuu."

"Mbona sikohoi?"

"Kwako hakikukaa kifuani. Kimekaa kwenye mifupa ya mgongo, kinaila na kuibana mishipa ya miguu. Kina dawa. Lakini ni dawa za mwaka mzima, na utalala sana."

"Nitatembea?"

Alifikiri kidogo kabla ya kujibu, na nilimpenda kwa kufikiri kule. "Wengi wanatembea," akasema. "Tuanze dawa."

Mjomba akauliza swali moja tu: kama ugonjwa huo unarushwa na mtu. Daktari akasema la. Mjomba akatikisa kichwa taratibu, na mambo ya fundi hakuyataja tena.

Dawa zilianza kesho yake. Wale mtakaozianza, msishtuke mkikojoa rangi ya chungwa. Mimi nilipiga kelele nikidhani nimepasuka ndani, na wodi nzima ikacheka, maana walionitangulia walikuwa wamepiga kelele hizo hizo. Nilivishwa mkanda mgumu wa mgongo. Niligeuzwa kitandani kama samaki kwenye kikaango, ubavu huu, ubavu ule, nisipate vidonda. Mume wangu alijifunza kuniosha. Mwanzoni alikuwa anatazama dirishani huku mkono ukiosha, nami natazama ukutani. Baada ya muda tukazoea, tukawa tunazungumza habari za mikorosho.

Kitanda cha jirani alilala Mama Matayo wa Makote, mwanamke wa makamo aliyevunjika nyonga. Alikuwa msemaji, mpenda uji wa watu wengine, na mikono yake haikutulia. Binti yake alikuwa na cherehani mjini, na kila akija alimletea mfuko wa vipande vya vitenge vilivyobaki kwenye ushonaji. Kwa vipande hivyo Mama Matayo alikuwa anatengeneza ngata, zile duara tunazoweka kichwani chini ya ndoo. Wengi wetu tunakunja kanga kuukuu tu na kuizungusha. Zake zilikuwa zimeshonwa, zina rangi, zina pindo.

Nilimtazama siku kadhaa. Siku moja akanitupia kipande cha kitenge kifuani.

"Mikono yako inaumwa?"

"Haiumwi, mama."

"Basi mbona umeilaza kama miguu?"

Akanifundisha. Unasokota majani makavu ya mgomba hadi yawe kamba nene, unaizungusha duara, unapima kwa kichwa. Juu yake unazungusha matambara laini, unakaza. Mwisho unavika kitenge na kushona kwa uzi wa rangi, mshono mdogo mdogo wa kupanda na kushuka. Ngata yangu ya kwanza ilitoka kama andazi lililoungua upande. Mama Matayo aliivaa kichwani akatembeza kiganja chake hewani kama mtu abebaye ndoo, wodi ikafa kwa kicheko, nami nikacheka hadi mgongo ukaniuma. Tangu nianguke sikuwa nimecheka. Niliporuhusiwa kurudi nyumbani alinijazia mfuko mzima wa vipande. Tulilia wote wawili, kisha akaniomba nimwachie uji wangu.

Nilirudi Kitangari mvua zikinyesha, na hiyo ilikuwa neema. Maji ya bati yalijaza ndoo na mapipa, hakuna aliyetembea kuyafuata. Nilikuwa nalala kwenye kitanda cha kamba kilichowekwa ubao, mlango wazi, natazama mvua. Dawa nilikunywa alfajiri kabla ya kula. Zilinichefua, zikanipa njaa, zikanichefua tena. Nywele zilikatika nikazinyoa. Katikati ya mgongo mfupa ulitokeza, nikiupapasa kwa vidole naukuta kama goti dogo. Nilimwuliza muuguzi wa kituo cha afya kama utarudi ndani. Akasema hautarudi. Nililia siku ile, halafu nikaomba sindano na uzi.

Mvua ziliisha, na hapo ndipo shida ya nyumba ilipoanza.

Rehema, binti yangu, alikuwa ameanza kidato cha pili. Mdogo wake bado mdogo sana. Mume wangu alikuwa kwenye mikorosho, kupalilia na kupulizia salfa. Aliporudi alinuka salfa nguo nzima na kupitiwa na usingizi sahani mkononi. Maji yakawa ya Rehema. Aliondoka nyumbani kiza hakijatoka, akarudi jua limechomoza, akanipa dawa, akanisafisha, akapika uji. Nilidhani baada ya hapo anakwenda shule. Ananiaga, anavaa sare, anatoka.

Siku moja alikuja Mama Tumaini. Ni mwalimu, mwenyeji wa Singida, aliletwa na kazi huku kwetu na nyumba yake haiko mbali na yangu. Alikaa kwenye kigoda karibu na kichwa changu.

"Mama Rehema, sikuja kukusumbua. Lakini mwanao akifika darasani ni saa nne, na akifika analala. Siku nyingine hafiki kabisa. Nilimkuta jana nyuma ya madarasa, amelalia mkono."

Mume wangu alisema, "Mwalimu, sasa nifanyeje? Nikiacha mikorosho msimu huu, mwakani tutakula nini?"

Wifi yangu Zainabu, dada wa mume wangu, alikuwepo siku hiyo. Yeye hana maneno ya kuzunguka. Walipotoka nje nilimsikia, maana ukuta wetu ni wa udongo na hausitiri kitu: "Kaka, nyumba haikai bila mwanamke anayesimama. Tafuta mwingine akusaidie. Huyu atakaa ndani na heshima yake, hakuna anayemfukuza."

Mume wangu hakujibu. Kunyamaza kwake kuliniuma kuliko mfupa.

Aliyepata njia ni Mama Tumaini. Alizunguka kwa majirani, akazungumza nao mmoja mmoja, na wiki iliyofuata wakaanza kupokezana. Kila siku mwanamke mmoja analeta ndoo zake mbili kwetu kabla ya kupeleka kwake. Rehema akarudi shule asubuhi. Na nani alikuwa anakuja Ijumaa? Zainabu. Mdomo wake mchungu, ndoo zake zimejaa pomoni. Anamimina kwenye pipa, anapita mlangoni, "Umeamkaje?" na kabla sijajibu ameshaondoka.

Nilikuwa nawasikia wanavyopumua wakitua ndoo. Mimi ni mtu wa huku, najua kile kilima. Najua shingo inavyokuwa. Na nilikuwa nimelala tu nasema asante, asante, hadi neno lenyewe likaniishia ladha. Ndipo nikauomba ule mfuko wa Mama Matayo.

Nilimtengenezea kila mmoja ngata yake. Sikutaka zifanane. Kazi ilikuwa ya polepole, kwa sababu nilishona nimelala, mikono juu ya kifua, na nikichoka mikono ilianguka yenyewe. Lakini sijui niseme vipi raha niliyoipata. Asubuhi nilikuwa naamka na jambo la kufikiria lisilokuwa miguu. Nani anapenda rangi gani? Nani ana kichwa kidogo? Yule jirani yangu mzee nilimwekea matambara mengi, kwa sababu utosi wake una kipara kutokana na ndoo. Mama Tumaini hakuzoea kupanda kilima na ndoo kichwani kama sisi, maji yalikuwa yanamwagika begani kila akija, kwa hiyo yake niliifanya pana na kuibonyeza katikati ndoo itulie. Ya Zainabu niliifumua mara mbili. Nilitaka asipate pa kusema.

Alipoipokea aliigeuza juu chini, akavuta uzi kwa ukucha kuona kama utafumuka. Haukufumuka.

"Umeshona mwenyewe? Umelala hivyo hivyo?"

"Nimelala hivyo hivyo, wifi."

Aliiweka kichwani, akaondoka. Ijumaa iliyofuata alikaa kwenye kigoda, mara yake ya kwanza, akanisimulia ugomvi wake na mkwewe mpaka jua likawa kali. Samahani hakuomba wala sikuitaka.

Ya Rehema niliiacha mwisho, nikaipa kitenge kizuri kuliko vyote, chekundu chenye ndege. Nilimpa Jumamosi akiwa amekaa ananichana zile nywele fupi zilizoanza kuota. Akaishika, akaipapasa, akanirudishia.

"Sitaki, mama."

"Haijapendeza?"

"Imependeza sana. Ila ukinipa ngata maana yake mimi ndiye mchota maji wa nyumba hii. Na mimi sitaki kuwa mchota maji."

Kwa mila zetu mtoto hasemi hivyo. Nilitaka kumkaripia, na maneno yakafika mdomoni. Kisha nikamtazama shingo, nikaona mstari pale kola ya sare inapokwaruza, nikayameza.

"Unataka nini, mwanangu?"

"Begi la shule. Langu limekatika kamba, nabeba madaftari kwenye mfuko wa rambo."

Nilimfumulia ile ngata mbele ya macho yake, kitenge chekundu kikawa mfuko wa nje wa begi. Begi ni kazi ngumu kwa mtu aliyelala. Nilikosea kamba, moja ikawa fupi kuliko nyingine, na mpaka leo linaning'inia upande. Amekataa nilirekebishe.

Baridi ya Juni ilipokuja, kidole gumba cha mguu wa kushoto kilicheza. Nilikuwa peke yangu. Nilikiambia, "Hebu tena," kikacheza tena. Nilimwita mtoto mdogo aje aone, akatazama, akasema, "Mbona hata changu kinacheza," akarudi kwenye mchezo wake. Toka hapo mambo yalikwenda kama konokono, lakini yalikwenda. Nikakaa nikiegemea ukuta. Nikasimama nimeshika benchi, magoti yakitetemeka kama ya mbuzi aliyezaliwa leo. Mikorosho ilipochanua nilikuwa naweza kusukuma benchi mbele yangu hadi mlangoni, na harufu ya maua yake niliivuta nikiwa wima.

Tulitakiwa kurudi Masasi kupiga picha nyingine. Mara ya nyuma nilikuwa nimekwenda stendi kwenye keria ya baiskeli ya mume wangu, na kila shimo lilinipiga mgongoni nikafumba macho nisipige kelele. Siku moja kabla ya safari, alirudi mchana na kitu chini ya kwapa. Kilikuwa mto. Suruali yake ya zamani ya kaki, imejazwa sufi, imeshonwa kwa shazia, ile sindano kubwa ya magunia, na kamba ya katani. Vidole vyake vilikuwa na matundu.

"Nini hiki, Baba Rehema?"

"Cha kukalia. Nilikuona siku ile ulivyofumba macho."

"Umeshona kama gunia la korosho."

"Ndio mshono ninaoujua."

Niliushika mto ule, nikaona afadhali niulize sasa. "Watu wanasema unaoa."

"Watu gani?"

"Ukuta huu hausitiri kitu."

Alikaa kitandani, miguuni pangu. "Zainabu alisema. Mimi sikujibu."

"Kwa nini hukujibu?"

"Ningejibu tungegombana. Na wewe hukuwa na mtu wa kukuletea maji." Akapangusa pua kwa mkono. "Sijatafuta mtu. Hata wazo lenyewe ningelipata saa ngapi? Nilikuwa nashona."

Nilicheka, naye akacheka, na kesho yake niliukalia ule mto hadi stendi. Ulikuwa mgumu kama jiwe. Sikusema.

Picha ilionyesha mfupa unaunga. Daktari alisema niendelee na dawa hadi mwisho hata nikijiona mzima, na hilo nawaambia ninyi pia, kwa sababu nimeona walioacha katikati. Alisema pia kwamba nisibebe tena mzigo kichwani, maisha yangu yote. Mwanamke wa uwanda huu kuambiwa hivyo ni kama kuambiwa asiende msibani. Nilikaa na jambo hilo msimu mzima wa korosho, nikibangua za nyumbani huku nimekaa, wenzangu wakipita na magunia yao. Siku nyingine linanitesa bado. Siku nyingine nashona. Akijifungua mtu, nampelekea kofia ya mtoto. Akiolewa mtu, nampelekea ngata. Siuzi. Wameniambia niuze, lakini kile ninachokipata mtu anapokigeuza kitu changu mkononi na kunitazama, sijui ningekipata vipi sokoni.

Nilimaliza dawa mwanzoni mwa mwaka, mvua zimerudi. Siku chache baadaye kulikuwa na kikao cha wazazi shuleni kwa Rehema. Mume wangu akasema ataenda yeye. Nikasema naenda mimi, tena kwa miguu.

Nilitembea na fimbo iliyochukua nafasi ya benchi mwaka ulipoanza, nikipumzika mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri. Kikao chenyewe nilikisikia nusu, kwa sababu mgongo ulikuwa unadai benchi la kuegemea. Kilipoisha nilimwona Rehema kwa mbali na wenzake. Akaniona. Akageuza uso upande mwingine, nami sikumlaumu. Umri ule mtu huona aibu hata kwa mama mwenye mgongo ulionyooka. Nikashika njia yangu taratibu.

Sikufika mbali nikasikia viatu nyuma yangu. Alikuwa Rehema, anatweta. Alinipokea mkoba, akapunguza mwendo ukawa sawa na wangu. Wanafunzi wakatupita makundi kwa makundi. Msichana mmoja akageuka, akatazama fimbo na ule mfupa wangu chini ya kanga, akauliza, "Rehema, huyo ni bibi yako?"

"Ni mama yangu," Rehema akasema. "Amejifunza kutembea mwaka huu. Mpisheni njia."